Mwalimu wetu wa darasa, mwaka wa vita ya Kagera

Kila ikifika 25 Julai, Siku ya Mashujaa, watu wanarusha mitandaoni picha za wapiganaji wetu wa vita ya Kagera, ile Tanzania iliyopigana na Uganda ya Idi Amin, Musuguri, Kiwelu, Mayunga yule Mti Mkavu, na mimi nafurahi kweli maana wanastahili. Ila kuna watu sisikii wakitajwa kabisa, nao ni walimu wa darasa wa sekondari za kanda ya ziwa mwaka 78 na 79. Mimi nilikuwa form two shule ya bweni Mwanza, na leo nataka nimwandike wa kwetu. Jina lake naliacha maana familia ipo na sijawaomba ruhusa.

Kwa waliozaliwa juzi, enzi zile ukifaulu kwenda sekondari serikali inakupangia shule popote, wa Mtwara anakuja Mwanza, wa Mwanza anaenda Songea, ndo maana darasani kwetu ulikuwa unasikia lafudhi za nchi nzima. Kulikuwa na wenzetu kadhaa wa Mkoa wa Ziwa Magharibi (jina la Kagera mkoa uliupata baada ya vita), wengine wa Bukoba mjini, wengine wa Muleba, na wachache kwao ni ng'ambo ya mto Kagera kabisa, Bunazi na Minziro huko, jirani na mpaka wa Uganda.

Mwisho wa Oktoba 78 jeshi la Amin likavuka mpaka na kulishika eneo lote lile hadi mtoni, siku chache mbele wakalipua daraja la Kyaka. Sisi tunayajua haya kwa redio tu. Tarehe 2 Novemba tulijazana bwaloni kumsikiliza Mwalimu Nyerere, alipofika kwenye uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, bwalo zima lililipuka, watu wanagonga sahani, wanapanda juu ya mabenchi, kelele mpaka huwezi kusikia kilichofuata. Wenzetu wa Bunazi na Minziro hawakugonga sahani. Walikuwa wamekaa pamoja meza ya pembeni na chakula hawajakigusa, maana wao walikuwa wanafikiria mama yuko wapi saa hizi.

Sasa asubuhi yake ndo nikamjua mwalimu wetu ni mtu wa aina gani. Aliingia kama kawaida na rejista kwapani, akaita majina, unaitikia nipo, anaweka tiki. Alipomaliza hakuifunga. Akarudi juu akawaita tena wale wa Ziwa Magharibi mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akauliza neno moja, "Barua?" Hakuna aliyekuwa na barua. Akaandika kitu kwa penseli pembeni ya kila jina, akafunga, akaanza kufundisha Jiografia. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Yaani ikawa sehemu ya kuita majina, na darasa zima tukawa tunasubiri jibu kila asubuhi, hata sisi ambao wazazi wetu wako salama Shinyanga na Morogoro tukaanza kuulizana wenyewe bwenini, hivi yule wa Minziro kapata?

Nimefikiria sana kwa nini alifanya vile badala ya kuwaita pembeni ofisini kama walivyofanya walimu wengine. Nadhani alijua kwamba ukimwita mtoto pembeni unamfanya aonekane ana msiba, wenzake wanaanza kumkwepa. Ukimuuliza mbele ya wote, kila siku, kwa sauti ileile ya kawaida, basi shida yake inakuwa ya darasa. Na kweli ilikuwa ya darasa. Wa kwanza kupata barua alikuwa wa Muleba, wiki kadhaa baadaye, aliposema "ninayo mwalimu" tulipiga makofi mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Yule wa Minziro aliendelea kujibu hapana hadi shule inafungwa Desemba, na likizo hiyo hakwenda kwao, alichukuliwa na mwenzetu wa Magu wakala naye Krismasi.

Maisha mengine shuleni yalibadilika haraka. Tulichimba mahandaki nyuma ya mabweni, zamu kwa zamu, mkondo wetu na mkondo wa pili, ardhi ya Mwanza mnaijua ilivyo na mawe, sururu zinaruka. Usiku taa marufuku, kwa hiyo prepo, yale masomo yetu ya binafsi ya usiku, ikahamia alasiri na baada ya chakula cha jioni mnakaa gizani tu mnaimba au mnasimuliana. Mchakamchaka ukawa na nyimbo za kumtukana nduli Amin ambazo sitaziandika hapa. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kwenda vitani, hivyo kuni na mahindi vikawa vinachelewa, kuna siku tulikula saa kumi jioni chakula cha mchana. Stesheni ya treni ukipita unakuta askari, na sio wa JWTZ, jeshi letu lenyewe, peke yao, kuna mgambo, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), magereza, vijana wengine umri wao na wa form four wetu ni uleule. Kuna form four mmoja alitoroka kwenda kujiandikisha, wakamrudisha, mwalimu wa zamu akamchapa halafu akampa mkono.

Tulipofungua Januari 79 tukawa form three na mwalimu akapanda na sisi. Alikuja na karatasi ya manila, akamwambia monita achore Uganda ya kusini, ziwa, mto, mpaka, barabara. Ile ramani ikabandikwa ubavuni mwa ubao. Gazeti la Uhuru likifika shuleni mmoja wetu anasoma kwa sauti na mwingine anaweka nukta ya wino mwekundu. Mutukula mwezi huohuo wa Januari. Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, siku zile darasa lilikuwa haliongeleki. Halafu Lukaya, Machi, ambapo vijana wetu walipata shida kweli maana Gaddafi alikuwa ameshaleta askari wake kumsaidia Amin. Sisi Jiografia ya Uganda tulijifunzia pale, vinamasi vya Lukaya, kwa nini barabara inapita katikati na huwezi kukwepa pembeni, kwa nini anayeshika Masaka ana njia ya Kampala. Hata leo ukiniamsha usiku nitakuchorea.

Nukta ya Lukaya mwalimu hakuwepo kuiona. Mwanzoni mwa Machi aliingia asubuhi moja amevaa vilevile, suruali ya kaki na shati jeupe, akaita majina, akauliza barua, halafu akampa monita rejista na kalamu mbele yetu akasema kuanzia kesho utaita wewe, na swali uulize. Alikuwa amepitia JKT na akaitwa vitani. Hakutoa hotuba yoyote. Alifundisha kipindi chake chote cha dakika arobaini, akatupa na kazi ya kufanya, kengele ikalia akatoka. Wasichana hatukuwa nao, shule ilikuwa ya wavulana watupu na wavulana wa miaka kumi na sita wanajifanya wagumu, lakini kipindi kilichofuata mwalimu wa Hisabati aliingia akatukuta hivyo tulivyo, akakaa tu mezani kwake mpaka muda wake ukaisha.

Monita aliita majina kila siku. Na aliuliza. Mwishoni mwa Machi ndege ya Walibya ikaja kupiga Mwanza, ikakosa shabaha, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane kule kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Sisi tulisikia mshindo tu na kukimbilia mahandakini, na tulipotoka monita alikuwa ameshika rejista, akatupanga mstari uwanjani akaita majina yote palepale, hakuna mtu aliyemwagiza.

Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Nukta ya Kampala tuligombania nani aiweke, mwisho tukampa yule wa Minziro. Aliweka akarudi kukaa. Barua yake ilikuja mwezi uliofuata, imeandikwa na mjomba wake aliyekuwa kambini upande wa kusini wa mto, mama yuko hai na wadogo zake wawili, baba hajulikani alipo. Likizo ya Juni alivuka ziwa kwenda kwao, akarudi akatueleza: nyumba haina bati hata moja, ng'ombe wote wamepelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kimekombwa mashine. Inakadiriwa raia 1,500 hivi waliuawa eneo lile. Baba yake hakupatikana.

Mwalimu hakurudi mwaka ule. Askari wetu wengine walibaki Uganda hadi 1981, na yeye alikuwa mmoja wao. Sisi tulimaliza form four mwaka 1980 katikati ya ile dhiki ya funga mkanda, ile miezi 18 aliyotuomba Nyerere ambayo haikuisha, daftari moja tunaligawa kwa masomo mawili, sabuni ya mche inakatwa vipande vya kugawana bweni zima. Baadaye nilisikia alirudi salama akapangiwa shule nyingine mkoa wa Mara, akafundisha mpaka akastaafu. Rejista monita alimtumia kwa posta, mwalimu alituandikia yeye mwenyewe kuiomba, anataka aone zile alama za penseli zimeishia wapi. Tuliifunga kwa gazeti na kamba ya katani, tukachanga pesa ya stempu darasa zima.