Mosel, motohomu na kotama ya babu

Leo siku ya tatu tangu turudi na bado nikifunga macho naona kitanda kinacheza, manake siku tisa za kulala ndani ya gari si mchezo. Tulikodi motohomu, ile nyumba ya magurudumu yenye jiko, friji, choo na vitanda vinne humo humo, mimi na mama watoto na hawa wawili wetu, tukashuka kutoka Köln, hapa Ujerumani, mpaka Koblenz alafu tukaufuata mto Mosel mpaka Trier. Kwa barabara kuu, Koblenz mpaka Trier ni kama saa moja na nusu tu. Sisi wiki na ushee, manake mto wenyewe hauna haraka, unajikunja kunja kama nyoka aliyeshiba, unaendesha kilomita kumi alafu ukitupa jicho ng'ambo unakiona tena kile kijiji ulichonywea chai asubuhi.

Wazo halikuwa langu. Mke wangu ni nesi, zamu zimemchosha mwaka mzima, akasema Agosti hii anataka mahali ambapo hakuna mtu atamwita jina. Mimi nikauliza sasa nchi ya mvinyo tunaenda kufanya nini, mimi nikipiga glasi moja nasinzia, na watoto ndo kabisa. Akasema kuna mto, kuna vilima, na wewe utaendesha. Basi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kampuni tuliyokodi walituelekeza dakika kumi na tano, yule kijana anafungua kabati anafunga, anabonyeza hapa anabonyeza pale, tukaitikia ndio ndio kama watu waliozaliwa ndani ya motohomu. Kufika kambi ya kwanza, waya wa umeme upo ila kichwa cha kuchomekea hakipo. Na gari tumeliegesha kwenye mwinamo, hatujui kwamba vile viplastiki vya njano ni vya kuweka chini ya magurudumu kulinyoosha, tukalala vichwa chini miguu juu kama popo mpaka alfajiri. Jirani mmoja mzee akaja asubuhi na kichwa chake cha ziada, akatuazima, akaweka na vile viplastiki, hakucheka. Kama alicheka alienda kuchekea kwake.

Alafu choo. Hakuna anayekwambia habari ya choo kwenye zile picha nzuri nzuri. Chini yake kuna kisanduku chenye magurudumu na mkono wa kuvutia, na kila asubuhi lazima ukimwage. Yani saa moja asubuhi kambini unaona wanaume wazima na kaptula zao, wazee wenye heshima zao, kila mmoja anavuta kisanduku chake kama anaenda uwanja wa ndege, mnapanga foleni, na mnasalimiana kabisa, Morgen, Morgen. Siku ya tatu nilikuwa mwenyeji. Siku ya tano kuna mgeni akaniuliza mimi maji ya kusuuzia yako wapi.

Kitu kimoja tu kilinitoa jasho la kweli, ni kijiji kimoja ambapo barabara inapita chini ya reli, kibao kinasema mita 2.8 na gari letu lina 2.95. Nimekiona nikiwa nimeshaingia uchochoro, nyuma kuna magari manne, pembeni zile nyumba za mbao na chokaa ambazo ghorofa ya juu imetokeza barabarani. Mke wangu akashuka, akasimama katikati ya barabara na mikono yote miwili juu, akawarudisha wote wanne, mmoja mmoja, kwa Kijerumani cha wodini. Nilirudi nyuma mita sijui ngapi na vioo vimekunjwa. Watoto wakapiga makofi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue hii kompyuta.

Ukipita Cochem na ile ngome yao juu ya kilima, mbele kidogo kuna kijiji kinaitwa Bremm. Hapo mto unapiga kona ya kurudi ulikotoka, na juu ya kona kuna mlima wanauita Calmont, wanasema ndo shamba la mizabibu lenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya, mahali pengine nyuzi 65. Ukisoma namba haikwambii kitu. Simama chini uangalie juu ndo utaelewa, ni ukuta. Kuna njia ya miguu imefungwa kamba za chuma na ngazi, nikapanda na kijana wangu mkubwa, na kwenye ngazi ya pili nikasimama kupumua nikaangalia mzabibu ulioko karibu na uso wangu. Udongo hakuna. Kuna mawe ya sleti, bapa, meusi, yanateleza chini ukikanyaga vibaya yakilia kama vigae. Kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake peke yake, na matawi mawili yamepindwa yakarudishwa chini yakawa kama umbo la moyo. Nikaweka kiganja juu ya jiwe nikakitoa haraka, lilikuwa moto kama kikaango. Ndo siri yenyewe hiyo, mawe yanakula jua mchana na usiku yanalirudisha, ndo maana zabibu inaiva huku kaskazini ambako kwa haki yake isingeiva. Na pembeni kuna kireli kimoja tu chenye meno, kinapanda mlima, juu yake kiti na injini inayonguruma kama mashine ya kusaga posho, ndo lifti yao.

Juu yetu, mbali, kulikuwa na mtu. Ameinama, anang'oa majani yaliyofunika vichala vya zabibu ili jua lifike, mguu mmoja juu mmoja chini, mkono mmoja umeshika mti. Namna alivyokuwa amejiegemeza ndo iliyonikata maneno. Kijana akaniuliza baba vipi, nikasema napumua.

Manake huo mkao naujua.

Babu yangu alikuwa mgema, Kaloleni, pwani ya Kenya. Hii sentensi sijawahi kuiandika popote. Miaka kumi na minne niko Ujerumani, kila nikiulizwa kwenu walikuwa wanafanya nini nasema babu mkulima, na watu wanatingisha kichwa tunaendelea. Mama aliokoka nikiwa darasa la tatu, na kuanzia hapo mnazi, yani tembo, ile pombe ya kugema, ukawa neno ambalo halitajwi mezani, kanisani mchungaji anahubiri mangwe, kilabu cha mnazi, ndo mlango wa jehanamu na mimi natazama viatu vyangu, manake ile mangwe aliyokuwa anaikusudia, mnazi wake ulitoka kwa babu. Na viatu vyenyewe vilitoka kwa mnazi. Karo ya sekondari yote, minazi kumi na minane, asubuhi anapanda jioni anapanda, kotama, kile kisu cha kugemea, kiunoni, kibuyu mgongoni, miguu inajua kila kidato kwenye gogo bila kuangalia. Huko juu anajibana na goti, anakata ncha ya karara kipande chembamba kama ukucha, ukikata kinene umeharibu, anafunga, anatundika kibuyu, anashuka. Alafu mwengine. Mama aliipokea ile karo na aliiombea kwanza kabla ya kuipeleka shule. Simlaumu, ila nakumbuka.

Jioni ile tukateremka kwenye kijiji cha mbele tukaona fungu la matawi limetundikwa mlangoni, mke wangu akasema hapa wanauza. Wanaita Straußwirtschaft. Mwenye shamba anaruhusiwa miezi minne kwa mwaka kufungua ua wake auze mvinyo aliolima mwenyewe, viti visizidi 40, chakula chepesi tu, mkate na jibini na nyama baridi. Tukakaa uani chini ya mti, meza ya mbao, wazee watatu wanabishana pembeni, kuku wanapita. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ndogo, hii ni mangwe. Akacheka mpaka akafuta macho. Lakini ni mangwe kweli! Imekosa mboko, kile kibuyu cha kunywea, na luseka, mrija wake, tu.

Mama mwenyewe, kama miaka sabini hivi, akatuletea Riesling glasi mbili na watoto maji ya zabibu. Mistari ya vidole vyake ilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Akasema mwanawe anafanya kazi Luxembourg, benki, kila siku anaendesha kwenda na kurudi, shamba hataki, na mapande ya juu ameshayaacha yawe msitu. Alafu akauliza, nyie kwenu kuna mvinyo? Mimi mdomo ukajibu wenyewe, hapana. Mke wangu akanipiga teke chini ya meza.

Basi nikaanza. Nilidhani nitasema maneno mawili. Yule mama akavuta kiti akakaa, na hakuuliza yale maswali yao ya kawaida ya Afrika, aliuliza maswali ya kazi. Mara ngapi kwa siku? Kisu kina umbo gani? Nikamchorea kotama kwenye karatasi ya bili, akaondoka akarudi na kisu chake cha kuvunia, kidogo, kimepinda, tukaviweka kimoja kando ya mwenzake, cha chuma na cha kalamu. Ukiuweka mnazi mpaka jioni inakuwaje? Nikamwambia asubuhi mtamu kama soda, jioni mkali, kesho siki. Akasema, kwa hiyo hauwezi kuuficha mpaka bei ipande. Nikasema hauwezi, unanywewa siku hiyo hiyo na watu unaowajua. Akanyamaza kidogo. Alafu akauliza, nani alianguka? Si kama kuna aliyeanguka. Nani. Nikamwambia babu mdogo, mwaka wa mvua nyingi, kidato kilikuwa na ukungu. Akaonyesha mlango wa ndani kwa kidevu, akasema mume wangu alivunjika nyonga huko juu, hapandi tena.

Wanangu walikuwa wameacha kuchezea kuku. Mkubwa akaniuliza kwa Kijerumani mbona hatujui haya, na sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia amalizie juisi yake.

Siku zilizobaki zilienda haraka. Bernkastel imejaa watalii mno kwa ladha yangu, daraja la Traben-Trarbach zuri, Wehlen kuna saa ya jua imejengwa katikati ya mizabibu tangu 1842 wafanyakazi wajue muda. Trier tuliingia jumba la makumbusho kuona jahazi la jiwe la Neumagen, la mwaka kama 220 hivi, Warumi wanapiga makasia na mapipa ya mvinyo katikati, na nahodha mmoja sura yake anatabasamu kabisa. Binti yangu akasema huyu ameonja mzigo.

Usiku wa mwisho nikamtumia baba mdogo picha ya Calmont, yeye ndo amebaki bado anagema, na ile kotama ya babu iko kwake. Nikamrekodia sauti kumweleza, hapa watu wanapanda hivi kila siku kwa ajili ya tembo lao. Sauti yake ikaja asubuhi nikiwa kwenye foleni na kisanduku changu:

"Nimeiona. Huko simpeleki mbuzi wangu. Sasa hebu niambie, hao wakilewa wanateremkaje?"