Wete Hadi Vumawimbi kwa Baiskeli

Anayerudi Pemba kutoka Maskati hupokewa na gari. Ushukie bandarini Mkoani au uwanja wa ndege wa Chake Chake, utawakuta ndugu wamekwishakodi, na siku zote za mwanzo utapelekwa huku na huku umekaa kiti cha mbele, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Ni heshima kubwa na siidharau. Lakini mie wiki ile niliwaamkia wazee wangu kupitia dirishani, injini ikinguruma, na kila tulipoondoka mbele ya nyumba ya mtu nilihisi bado nipo safarini. Hali hiyo ilikatika siku niliyotoka na rafiki zangu wa utotoni kwa baiskeli, Wete mpaka ufukwe wa Vumawimbi na kurudi. Naisimulia kwa ajili yenu mlioko Oman, Uingereza na Kanada mnaohesabu miezi ya likizo.

Tulikuwa wanne. Mmoja ni mwalimu wa skuli, mmoja mvuvi, na wa tatu ni fundi baiskeli, ana banda lake pale Wete ambapo fremu zinaning'inia kwenye boriti tangu alipokuwa baba yake ndiye fundi. Yeye ndiye aliyeniundia ya kupanda: Phoenix nyeusi ya Kichina, breki za vyuma, keria pana nyuma, siti ya ngozi ngumu, haina gia hata moja. Tulikulia juu ya baiskeli za namna hiyo. Kabla miguu haijafika kwenye pedeli ukiwa umekaa, ulipitisha mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya bomba, ukaendesha umejikunja upande. Keria ile ilibeba gunia la muhogo, tenga la samaki, mgonjwa anayepelekwa hospitali, na siku ya Idi ilibeba wadogo zako wawili wamevaa nguo mpya.

Maskati sikupanda baiskeli. Oman imenilisha, imesomesha watoto wangu, na nina ndugu wa damu kule, sina neno baya juu yake. Ila kiangazi cha huko joto hupita nyuzi 40, barabara ni za magari, na kutoka nyumbani mpaka kazini sikuwa na mtu wa kumwamkia.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tumeshakunywa chai ya rangi kwa mkate wa mofa. Mji wa Wete umekaa juu ya kilima, bandari iko chini, na asubuhi ile kisiwa cha Fundo kilionekana kimelala mbele yetu. Barabara ya lami kwenda Konde, mji mdogo ulio kaskazini kwetu, ipo na ni nzuri. Mwalimu akasema hatuifuati mpaka itulazimu, tutapita njia za ndani.

Asiyeijua Pemba ya magharibi na kaskazini aelewe kwanza ardhi yake. Vilima si virefu lakini havina mwisho. Unashuka kimoja unakikuta kingine. Juu ya vilima ipo mikarafuu, minazi na miembe. Mabondeni ni mpunga, na katikati ya bonde kuna kijito unachovuka juu ya magogo. Ukienda upande wa Micheweni ndiyo unaingia uwandani, ardhi tambarare ya mawe, hewa kavu, jua kali. Njia za ndani zimefuata maumbile hayo: udongo mwekundu, upana wa gari la ng'ombe, na kivuli karibu mwendo wote. Kushuka, baiskeli inakwenda yenyewe na upepo unakupiga kifuani. Kupanda, unateremka unaisukuma.

Na huko kwenye kusukuma ndiko nilikopata nilichokuwa nakikosa. Nyumba za Pemba zina baraza mbele, na asubuhi kila baraza ina mtu. Mwenye gari anapiga honi, anapungiwa mkono, imekwisha. Mwenye kusukuma baiskeli kilimani anapita pole pole, hana pumzi, na hawezi kupita bila salamu kamili. Assalaam alaykum. Wa alaykumu salaam. Mwenda wapi? Twenda Vumawimbi. Wazee hawajambo? Hawajambo, alhamdulillahi. Kisha macho yananigeukia mie, mgeni wa sura, na swali linakuja bila kuzungushwa: na huyu mwana wa nani? Nikitaja jina la baba, wanatikisa kichwa. Nikitaja la babu, wanasimama. Mzee mmoja alinitajia mpaka mtaa aliooa babu yangu mke wa pili, habari ambazo nyumbani kwetu hazikuwahi kusemwa mbele ya watoto. Mpaka jua linapanda nilikuwa nimetajiwa jamaa ambao nilikuwa nimewasahau, na wengine sikuwahi kuwajua.

Ilikuwa Oktoba, msimu umekolea. Harufu ya karafuu ilitufika kabla hatujaona chochote. Karafuu zililetwa visiwani kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda mrefu Unguja ndiyo iliyosifika. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kwetu. Tukikua tuliambiwa haya na wazee wakiwa juu ya miti. Mchumaji anapanda na pakacha lake, anavuta tawi kwa ngoe, anakata shada zima kabla vitumba havijachanua, maana kikichanua thamani yake imekwenda. Jioni watu wa nyumba wanakaa duara kuchambua, karafuu upande huu, makonyo, vile vijiti vyake, upande ule. Kisha kuanika juani kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya kahawia iliyoiva na zivunjike zikibanwa kwa kucha. Ndipo zinapakiwa kupelekwa kituo cha Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, zipimwe na kupangwa madaraja. Ada ya mtoto chuoni, bati la nyumba, mahari, safari ya Hija, vyote hivyo nimeona vikitoka kwenye majamvi yaliyotandazwa kando ya njia.

Tulikuwa tumekaribia kutokea barabara ya Konde mvua ya vuli ilipotukuta. Wingu lilikuja kutoka baharini bila dalili, na matone ya kwanza yalipodondoka tulisikia sauti za wanawake na watoto wanapiga kelele uani: karafuu, karafuu! Mkulima hana adui kama mvua ya ghafla. Karafuu iliyoanikwa ikirowa inavunda, inapauka, na kazi ya wiki nzima inashuka daraja. Hatukuulizana. Baiskeli tulizilaza kwenye majani, tukaruka ua. Majamvi yalikuwa mengi mno kwa watu waliokuwepo, bibi mmoja, binti yake na wajukuu wadogo. Wanaume wote walikuwa mashambani wanachuma. Mvuvi alishika pembe mbili za jamvi, mie nikashika mbili, tukakunja katikati tukakimbilia barazani. Fundi na mwalimu walikuwa wanazoa kwa mikono kutia kwenye magunia. Watoto walifagia zilizomwagika kwa makuti. Mvua ilipoanza kumwagika kweli kweli lilibaki jamvi moja tu, na hilo bibi alilifunika kwa turubai na kulikalia mwenyewe, kanga kichwani, mpaka tulipolifikia.

Tulikaa barazani tukiwa chapachapa, mikono inanuka karafuu, mvua inaimba kwenye bati. Bibi alileta kahawa na muhogo wa kuchemsha kwa nazi. Alipokwisha kututazama mmoja mmoja akaniuliza lile swali. Nilipojibu alinyamaza kidogo, akasema babu yangu aliwahi kuchuma kwenye shamba la baba yake, na kwamba alikuwa mtu wa kuimba juu ya mti, sauti yake ikisikika bonde la pili. Mie sikumjua babu yangu akiimba. Nilimjua mzee mkali mwenye bakora. "Kumbe wa kwetu," alisema yule bibi, akamwambia binti yake aniongeze muhogo. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Kwa miaka nimekaa nchi ambayo kila mwaka natakiwa nionyeshe karatasi ya kuthibitisha mie ni nani na nina ruhusa ya kuwepo. Pale barazani jina la mtu aliyekufa zamani lilitosha.

Mvua ilikatika, wakaanza kutandaza upya, tukaaga.

Kabla ya Konde rafiki zangu waliteremka penye makaburi chini ya miembe bila kuniambia kitu. Tulikuwa na mwenzetu wa tano tulipokuwa wadogo, ndiye aliyekuwa na baiskeli ya kwanza kati yetu na alitupokeza sote. Alifariki mie nikiwa Maskati. Nilipata habari kwa simu, nikasoma Fatiha peke yangu chumbani. Siku ile tuliisoma pamoja, tumesimama juu ya udongo wenyewe. Mwalimu akanionyesha na nyumba ya mjane, tukaingia, tukakaa, nikaona watoto wake walivyokua. Hayo pia yasingetokea kwa gari. Gari ya kukodi ina saa yake na dereva ana safari nyingine.

Konde tulikaa muda wa kuziba pancha tu. Kutoka hapo unapita mashamba ya mipira, kisha njia inaingia msitu wa Ngezi, na ghafla hewa inakuwa baridi. Hekta zipatazo 1,440, ndizo zilizobaki za msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla haujafyekwa kwa ajili ya mikarafuu. Kuna mivule ambayo watu watatu hawaizungushi mikono, na kuna mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya minazi ambao asili yake ni hapa Pemba. Ninga wa Pemba, wale njiwa wa kijani, tuliwasikia kuliko kuwaona. Tulipita bila kusema, si kwa sababu ya hofu ingawa utotoni tuliambiwa mengi kuhusu Ngezi, bali kwa sababu sauti za matairi juu ya majani zilitutosha.

Vumawimbi sina mengi ya kuisemea, mwenye macho aende. Mchanga mweupe umepinda kama mwezi mchanga, bahari iko wazi, na siku ile hakukuwa na watu isipokuwa wavuvi wanaokokota ngalawa. Mvuvi wetu alikwenda kuzungumza nao, akarudi na samaki aina ya changu. Tukawachoma kwa makumbi ya nazi, tukanywa madafu, tukaogelea na suruali zetu, tukasali adhuhuri kivulini.

Kurudi tulifuata lami kwa sababu ya jua. Huko ndiko lilikonijia jambo ninalotaka kulisema wazi. Njia za ndani zinafifia. Vijana wanapanda bodaboda, na bodaboda inataka lami. Vijito vingine magogo yake yameoza na hakuna aliyeyabadilisha. Mikarafuu mingi niliyoiona ni ya uzee, mingine imekaukia wima. Serikali inagawa miche bure na nimeiona mipya imepandwa, basi sisi tuliopo nje tunaotuma fedha za nyumba na magari tutume pia za kupanda na kupalilia, na za daraja dogo la magogo ambalo bibi mwenye gunia kichwani analivuka kila siku. Mwalimu ameshakubali kuzungumza na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao, juu ya vivuko viwili vilivyo hatarini zaidi.

Kwa atakayekuja: usitafute baiskeli ya kifahari, spoku zake zikivunjika huku hupati. Ulizia Phoenix kwa fundi yeyote wa Wete au Chake, mwambie akutazamie breki na akupe pampu, tyubu ya akiba na viraka. Ondokeni alfajiri. Chukueni maji mpaka Konde, mbele yake maduka ni machache. Suruali ndefu, kwa sababu mnapita majumbani kwa watu. Na tengeni saa za barazani, maana hizo ndizo nyingi kuliko za kupiga pedeli. Sisi tukijaaliwa wiki ijayo tunakwenda Mtambwe, kule zilikofukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984, na fundi ana baiskeli mbili hazina wapandaji.