Chumvi ya Ghuba si ya kwetu

Mimi mtoto wa Unguja, maji ya bahari nimeyameza sana. Lakini nilipopiga mbizi Dubai, macho yaliniwaka! Kwetu kila kilo ya maji ina chumvi gramu 35 hivi. Ghuba ya Uajemi, bahari ya Dubai, hufika 40 na kuzidi. Jua kali, mvua haba, na mto mkubwa unaoingia humo ni Shatt al-Arab tu, kutoka Iraq.

Maji yenye chumvi nyingi huwa mazito, na hayo hayatulii. Yanatambaa chini, yanatoka kwa mlango-bahari wa Hormuz na kuzama mita 200 hadi 300 katika Bahari ya Oman, huku mepesi ya Bahari ya Hindi yakiingia kwa juu. Mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa nayo hurudisha chumvi baharini, ila jua ndilo linalokausha zaidi.