Siku moja na watoto 104 wa darasa la pili

Nikimwambia mtu kwamba nafundisha darasa la pili, huniuliza lini nitapandishwa nifundishe la saba. Kwa watu wengi madarasa ya chini ni mahali pa kuimbisha watoto a-e-i-o-u mpaka saa sita, kisha unakwenda nyumbani. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika darasa hili, kwenye kijiji kimoja wilayani Kwimba, na ningependa muione Jumatano yangu ya wiki iliyopita kama ilivyokuwa.

Saa 11:00 alfajiri niliamka, nikabandika chai, nikawaandaa wanangu wawili, nikamalizia andalio la somo nililolala nalo mezani. Saa 12:30 nilikuwa njiani.

Saa 1:10 rimu la lori lililoning'inizwa mtini likagongwa. Usafi, mstarini, wimbo wa taifa, kukagua kucha. Mwalimu wa zamu akasoma matangazo. Ijumaa kuna kikao cha wazazi, ajenda kubwa ni mahindi ya uji. Tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, hakuna masomo, ila siku moja kabla yake darasa langu litaimba ngonjera mbele ya shule nzima. Baadaye mwezi huu darasa la nne wana upimaji wa kitaifa na chumba changu kitatumika, hivyo sisi tutahamia chini ya mkwaju na ubao wetu wa kuegemeza. Kisha inakuja zamu yetu, upimaji wa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Wenzangu walikuwa wanasikiliza tarehe. Mimi nilikuwa nazitazama kandambili za watoto wangu kwenye mistari na kuhesabu siku zilizobaki.

Saa 2:00, rejista. Kwenye orodha wako 104, waliofika 97. Madawati 26, kwa hiyo wanakaa wanne wanne, na wa pembeni anaandika mguu mmoja ukiwa nje. Kipindi cha kuhesabu kilikwenda vizuri. Tulitoa namba za tarakimu mbili kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi na vizibo vya soda, na walipoelewa kwamba unaruhusiwa kufungua fungu moja la kumi, walipiga kelele za furaha mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia.

Saa 3:00 ilikuwa kusoma, na somo la siku lilikuwa herufi r.

Hapa niwaeleze jambo. Watoto hawa nyumbani wanaongea Kisukuma. Sauti ng' inayowasumbua watoto wa kwingine, kwao si kitu, wamezaliwa nayo: mtoto kwao ni ng'wana. Lakini r na l kwao ni kama mlango mmoja. Anasema "habali mwalimu", na anachosema ndicho anachoandika. Huwezi kumwambia "sema vizuri" ukadhani umefundisha. Lazima umwonyeshe ulimi unakwenda wapi. Kwa hiyo tunawasha pikipiki. Darasa zima linashika usukani hewani, ulimi nyuma ya meno ya juu, tunanguruma rrrr mpaka ulimi utetemeke. Halafu tunazima, tunasema la, la, la, na kila mmoja anajisikilizia tofauti. Baadaye naandika maneno mawili ubaoni, moja chini ya jingine: mahali, mahari. Nawauliza, ng'ombe zinatolewa kwenye lipi? Mtoto wa Kisukuma hawezi kulisahau neno lenye ng'ombe ndani yake.

Tulikuwa hapo hapo, pikipiki 97 zikiwaka, mlango ukazibwa na baba mmoja mwenye fimbo.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, baba. Karibu. Tuna kipindi, naomba unisubiri mpaka saa nne."

Hakusubiri. Alikuwa amemfuata mwanawe, yule anayekaa dawati la tatu upande wa dirishani. Malisho yameisha, ng'ombe wanahamishwa, mjomba anahitaji mtu wa kumsaidia kuswaga. Wiki tatu tu, akasema, mvua ikinyesha atarudi. Nikamweleza kuhusu upimaji. Akasema upimaji ni wa darasa la nne, ametangaziwa na mwenyekiti wa kitongoji. Nikamweleza kwamba na sisi tunao wetu. Akaniangalia kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulioniuma, akasema, "Mwalimu, hapa si mnaimba tu a-e-i-o-u? Wiki tatu atapoteza nini?"

Nilisimama pale mlangoni muda mrefu. Nyuma yangu darasa lilishaanza kuvunjika: mmoja amenyang'anywa penseli, wawili wanagombea kichongeo, mwingine anaomba kwenda nje na wenzake sita wanamfuata. Kila nikigeuka kuwatuliza, baba anaanza upya kutoka mwanzo. Ng'ombe ni wangapi, mjomba anaumwa mguu, kaka yake mkubwa yuko Mwanza mjini hapatikani kwa simu. Sikumwona ni mtu mbaya. Mali yake yote iko kwenye miguu ya wale ng'ombe. Ila dakika zilikuwa zinakwenda, na zilikuwa za watoto 97.

Mwishoni nilimwomba aingie. Nikampisha kwenye kiti changu, nikamwita mwanawe ubaoni. Mtoto akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Ma. Ha. Li. Akasogeza kidole chini ya la pili. Ma. Ha. Akanyamaza. Niliona ulimi wake ukipanda nyuma ya meno, shavu likicheza, hakuna sauti. Darasa lote likanyamaza naye. Halafu ikatoka, ndefu kuliko inavyotakiwa: rrri. Mahari.

Baba akauliza, "Amelikariri?"

Nikafuta, nikaandika "barabara", neno ambalo hatukuwa tumelisoma. Mtoto akalisoma, polepole, akiwasha pikipiki mara mbili.

Baba akasimama, akachukua fimbo yake. Akasema atakuja kwenye kikao cha Ijumaa, tutaongea. Hakusema atamwacha mtoto. Hakusema atamchukua. Aliondoka bila kuaga, na mimi nikatazama saa: saa 4 kasoro dakika tano. Kipindi cha kusoma kilikuwa kimekwisha na kuandika kulikuwa kumemegwa karibu chote.

Uji. Foleni ya vikombe, wa mwisho wamepata kidogo.

Baada ya uji nilifidia kuandika, nikazunguka dawati kwa dawati nikishika mikono inayobana penseli kama jembe. Sauti yangu ilianza kukwaruza. Saa 6:00 wakatoka, na kwa wanaoniona barabarani hapo ndipo kazi yangu huishia. Nilikuwa nimewabakisha kumi na wanane ambao bado hawajaunganisha silabi. Hawa nawasikiliza mmoja mmoja, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma akiwekwa katika kundi huimba na wenzake na wewe ukadhani anasoma. Kila mmoja dakika tano. Wa kumi na tano alisinzia kidole kikiwa kwenye neno, nikamwacha alale.

Halafu ngonjera. Halafu kujaza shajara. Halafu kikao cha walimu kuhusu nani atabeba madawati. Sikumbuki saa ngapi nilikula.

Njiani nilimpita bibi yake yule mtoto, ameketi nje anapukuchua mahindi. Aliniamkua kabla sijamwamkia, akaniambia amesikia yaliyotokea. Akaniambia yeye alijifunza kusoma akiwa msichana, miaka ile ya kisomo cha watu wazima, kwa kitabu kilichohusu kilimo cha pamba, jioni, baada ya kutoka shambani. "Niliisoma mizani mwenyewe," akasema. "Hakunipunja mtu tena." Nikamwomba Ijumaa aje na yeye. Akasema miguu. Nikamwambia nitamtumia kijana wa bodaboda.

Usiku, taa ya sola ikiwa imebaki na mwanga mdogo, nilisahihisha madaftari 97. La yule mtoto nilikuta ameandika mahari mistari mitano, na kwenye mstari wa tatu amefuta l kwa mate mpaka karatasi ikatoboka, akaandika r pembeni ya tundu. Nikaweka vema. Nikalirudisha juu ya rundo, ili kesho liwe la kwanza kuitwa.