Soda ya baba na ule mkia wake

Baba yangu yupo Wete, na toka aambiwe ana sukari sisi watoto tulimkatia soda siku ileile, mzee wa watu alokuwa akirudi shamba chupa moja ya baridi ndo raha yake ya siku nzima. Iliniuma sana. Basi nikamuuliza daktari wake, akasema yale makopo yasiyokuwa na sukari kopo moja moja si tabu, nikaenda Pemba nimebeba sita nikijua nshamaliza kazi. Akanywa funda mbili pale barazani, akaliweka kopo chini taratibu, akanambia, "Mwanangu, Mungu akuzidishie, lakini soda hii ina mkia."

Mkia gani baba?

"Utamu wake unakuja umechelewa. Halafu ukitakiwa uondoke, hauondoki."

Neno lile lilinikaa kichwani mpaka boti inafika Malindi, bandarini Unguja. Mie kila Ramadhani nauza juisi, ukwaju, bungo, zabibu, kwa hiyo utamu ndo kazi yangu, na nikaona aibu kuwa miaka yote hii sikuwahi kufikiri kwamba utamu una kuja na kuondoka kwake. Hebu jaribu na wewe, tia funda ya soda ya kawaida mdomoni uhesabu. Sukari ya miwa inafika mara moja, inapanda, halafu inashuka yote na ulimi unabaki safi unataka funda nyengine. Hizi za maabara zinazotiwa badala ya sukari, kila moja ina saa yake.

Ukisoma nyuma ya kopo la Coke Zero mara nyingi utakuta mbili zimechanganywa, aspatemu (E951) na asesalfemu (E950), na zote mbili zinaizidi sukari utamu kama mara 200. Mwanzo nilidhani wanachanganya ili kubana gharama tu, kumbe kuna hesabu ya ladha ndani yake: asesalfemu inawahi kufika lakini ina uchungu kwa nyuma, aspatemu inachelewa lakini utamu wake umekaribia zaidi ule wa sukari, kwa hiyo moja inaziba pengo la mwenzake. Huo uchungu pia si watu wote wanaousikia sawa, vipokezi vya uchungu kwenye ulimi tumerithi tofauti, ndo maana kaka yangu alikunywa kopo lilelile akasema mbona safi tu na baba akakunja uso, na wote wawili walikuwa wakweli.

Chengine ni uzito. Soda ya kawaida ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, na sukari ile haitii utamu peke yake, inaipa soda unene fulani mdomoni. Aspatemu ya kuleta utamu huohuo haifiki hata robo gramu, sasa ule unene utatoka wapi? Nilijaza beseni maji nikatia makopo mawili, la kawaida na la zero, la kawaida likazama mpaka chini na la zero likaelea juu. Wanangu wakashangilia, mie nikakaa nalitazama tu beseni, maana ile ndo tofauti aliyokuwa akiisikia baba mdomoni.

Na jua, jamani. Aspatemu haistahamili joto, ikikaa sana inavunjikavunjika na utamu unapungua, na huku kwetu kreti zinaanikwa nje ya duka kutwa nzima. Kama soda ya namna hii umeikuta imepooza ladha, tazama tarehe na uulize imekaa wapi kabla hujasema kampuni imebadilisha. Ingawa kubadilisha nako wanabadilisha, Pepsi waliitoa aspatemu kwenye Diet Pepsi, soda yao isiyokuwa na sukari, kule Marekani mwaka 2015 wakatia sukralosi, nyengine hiyo ya maabara, wateja wakalalamika ladha si ileile, mwaka uliofuata wakairudisha.

Sakarini ndo msiniambie kitu. Hiyo ni kongwe kuliko zote, imegunduliwa 1879, na mwaka mmoja sukari ilipopanda bei nikanunua kipaketi, nikatia kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita ishirini ya ukwaju nionje kwanza. Utamu ulikuwepo, tena wa kutosha, lakini nyuma yake kama umelamba sarafu, na ukwaju wenyewe umekuwa mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Ndoo nzima nikaimwaga, sikuweza kumuuzia mtu aliyefunga kutwa kitu kile. Stivia nayo inatokana na majani, watu wanaipenda kwa sababu hiyo, lakini mie naisikia kama pipi ya dawa ya kikohozi na inakaa mdomoni kuliko zote.

Wamarekani wao wana ugomvi mwengine, soda zao nyingi toka miaka ya 80 zinatiwa sharubati ya mahindi badala ya sukari ya miwa, na wako wanaotafuta chupa za kutoka Mexico wakisema ndo zenye ladha. Mie nahisi tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyosemwa, kwa sababu hata sukari ya miwa ikikaa ndani ya soda ile tindikali inaikata ikawa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, ambazo ndo hizohizo zilizomo kwenye sharubati. (Na kwa jirani zetu wanaomwambia baba anywe sukari guru eti si sukari: ni sukari, nakuombeni msimpe.)

Niliporudi Wete mwezi uliopita sikumpelekea soda tupu. Nilipanga bilauri tatu, ya kwanza zero ya kawaida, ya pili zero ya baridi kabisa yenye barafu, ya tatu ileile ya baridi nimekamulia ndimu nusu na tangawizi mbichi iliyopondwa na kuchujwa. Ukali wa ndimu unafika mbele na ule muwasho wa tangawizi unabaki nyuma pale pale mkia unapokaa, ndo ilikuwa hesabu yangu. Baba akaonja ya kwanza akaisukuma. Ya pili akasema afadhali. Ya tatu akanywa, akanyamaza, akanywa tena mpaka barafu ikagonga meno.

"Mkia upo," akasema, "lakini huu wa mbuzi, si wa ng'ombe. Ndimu ngapi zimebaki?"