Voi? Ah, huwa napita

Kila nikimwambia mtu hapa Mombasa kwamba kwetu ni Taita, jibu ni lile lile: "Ah, Voi! Huwa napita." Anapita na basi la usiku, anashuka dakika kumi kutafuta choo na chai, anapanda tena. Au anapita na treni ya SGR, uso kwenye kioo akitafuta ndovu. Miaka kumi na minne nimejibiwa hivyo, kazini, sokoni, hata msibani. Leo naandika, ili wa kesho nimtumie linki tu.

Kwanza, Voi ni mlango. Ukishuka pale, uache barabara ya Nairobi ushike ya Taveta, baada ya kama kilomita ishirini na tano uko Mwatate, makao makuu ya kaunti yetu ya Taita Taveta. Joto bado ni lile la nyika, na makonge yamepangwa safu mpaka macho yachoke. Halafu gari linakata kulia na kuanza kupanda Wundanyi. Hapo utawajua wenyeji na wageni. Mwenyeji anatoa sweta kwenye mkoba kabla ya kona ya tatu. Mgeni anacheka, na kona ya saba anafunga dirisha kimya kimya. Ukungu unaingia, matuta ya mashamba yanaonekana yamekwangua mlima kama ngazi, migomba, kabeji, makadamia, na mtu anachunga ng'ombe mmoja mahali ambapo mimi ningeogopa kusimama.

Kilele cha juu kabisa kinaitwa Vuria, mita 2,208. Milima yetu ni ya ukoo mmoja na Upare, Usambara, Uluguru na Udzungwa kule Tanzania. Kwa upande wa Kenya sisi ndio peke yetu. Ndiyo maana watafiti hawakauki kwetu. Kuna ndege, mweusi kichwani na mwekundu ubavuni, ambaye duniani kote anaishi katika vipande vichache vya msitu wa Taita tu, kama Ngangao na Mbololo. Nilisoma shule karibu na msitu huo miaka minane na sikuwahi kuambiwa. Tulitumwa kuni.

Na usiseme "Wataita" ukadhani umemaliza. Kuna Wadawida wa milima mikubwa, Wasagalla wa mlima ulio juu ya Voi, Wakasigau wa mlima wao peke yao kule kusini, na Wataveta upande wa mpakani, penye ziwa Jipe na ziwa Chala. Mimi ni Mdawida wa Werugha, mama yangu Msagalla, mume wangu Mkasigau. Siku ya harusi wazee walibishana juu ya maneno ya Kidawida hadi chakula kikapoa.

Kaunti ina kilomita za mraba zipatazo 17,000, na zaidi ya nusu, kama asilimia 62, ni mbuga ya Tsavo, Mashariki na Magharibi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 340,671. Tumebanana mlimani na pembezoni mwa mbuga, na ndovu hana habari ya mpaka.

Mjomba wangu analima Sagalla ya chini. Mahindi yakianza kukomaa hapati usingizi. Zamani alikuwa na debe bovu na tochi. Anapiga debe, ndovu anasimama, anamtazama, anaendelea kula. Siku hizi ana uzio wa nyuki, kitu kilichoenea sana pale Sagalla. Mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya gizani, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na hasira zao. Ndovu mwenye ngozi ile yote anaogopa nyuki, hasa machoni na ndani ya mkonga. Si kila usiku inafaulu. Mwaka wa ukame nyuki huhama, na mizinga mitupu ndovu anaijua. Lakini mjomba anapata asali, na akinipa chupa husema, "Hii ni ya ndovu, mshukuru yeye."

Ukifikiri vizuri, kwetu kila kitu kinapita. Wale simba waliokula mafundi wa reli pale daraja la Tsavo mwaka wa 1898 wenyewe wako Chicago, wamejazwa ndani ya jumba la makumbusho. Lile jiwe la kijani lililogunduliwa kwetu 1971 likaitwa tsavoraiti kwa heshima ya mbuga linavaliwa vidoleni New York. Vijana wa kwetu wanaingia mashimoni na sururu na tochi ya kichwani, wakipata wanauza kwa dalali palepale.

Hata vita vilipita. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka Moshi wakaiteka Taveta. Waingereza nao wakatandika reli kutoka Voi kuelekea huko, na tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipigwa vibaya pale kilima cha Salaita. Makaburi ya wanajeshi wao yapo Taveta, Maktau na Voi, nyasi zimekatwa, kila jiwe na jina lake.

Wakasigau hawana mawe hayo. Mwaka 1915 Wajerumani walishambulia Kasigau, na Waingereza wakaamua kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Wakawahamisha wote, wazee kwa watoto, hadi Malindi. Watu wa mlima, wa hewa baridi, wakatupwa kwenye malaria. Wengi walikufa. Waliobaki walikuja kurudi kwao miaka ya 1930. Baba mkwe alinisimulia haya jioni moja akimenya muhogo. Babake alizaliwa huko uhamishoni na aliuona mlima wa Kasigau kwa mara ya kwanza akiwa kijana mwenye ndevu. Nikamuuliza, alisemaje alipouona? Mzee akaendelea kumenya. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema, "Alisema ni mdogo kuliko alivyoambiwa."

Kuna jambo moja ambalo halikupita kirahisi. Zamani kwetu mtu akizikwa, baada ya muda fuvu lake lilitolewa likawekwa pamoja na ya wazee wake kwenye pango la ukoo. Mvua ikikataa, wazee walikwenda pale kusema nao. Ukristo ulipotia mizizi desturi ikafa, mafuvu yakabaki. Babu alinipeleka mara moja nikiwa na miaka tisa. Tulisimama mbali, akavua kofia. Leo wapo wanaotaka kupiga selfi pale. Mimi picha hutaiona hapa.

Sasa maji. Mvua ya milima ya Chyulu inazama kwenye mawe ya volkano, inatembea chini kwa chini, na kutokea Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Maji safi kama kioo. Unaona kiboko akitembea chini yake. Miaka ya 1950 likalazwa bomba kutoka pale hadi Mombasa, na bado linaleta maji. Linapita kwetu. Nilipokuwa mtoto nilikwenda likizo kwa mjomba, tukawa tunafuata maji na punda kutwa nzima, na njiani tunalivuka lile bomba. Tuliweka masikio juu yake. Binamu yangu aliapa kwamba ameyasikia yakikimbia.

Wiki jana nilitoka nyumbani alfajiri. Nyanya alinifungia kimanga cha maharage kwenye jani la mgomba, mjomba alinisubiri Voi stendi na chupa ya asali. Kwenye basi jirani yangu, kijana wa Nairobi, aliamka akauliza hapa ni wapi. Nikamwambia Voi. "Ah," akasema, akalala tena.

Nilifika Mombasa mchana, vumbi jekundu hadi masikioni. Nikavua viatu, nikafungua mfereji ninawe uso. Ulikohoa mara mbili, ukanyamaza. Nikatoka mlangoni kumwita kijana wa mkokoteni. Mitungi miwili.