Kuvisha upinde kamba

Huku Bukavu unyevu haukosekani, na kamba ya mshipa wa mnyama huunyonya, ikalegea. Upinde ulale bila kamba.

Kitanzi cha chini cha kamba kikae vizuri ndani ya mkato wake kwenye ncha ya upinde. Pitisha mguu wa kulia kati ya upinde na kamba. Ncha ya chini iegemee mbele ya kifundo cha mguu wa kushoto, mshikio ukae nyuma ya paja la kulia. Sukuma sehemu ya juu mbele, polepole, ukipandisha kitanzi cha juu hadi kwenye mkato wake. Ukisukuma kwa upande, mti unajisokota, na kuunyoosha tena ni kazi ngumu. Kagua vitanzi vyote kabla ya kuachia.

Nafasi kati ya kamba na mshikio: ngumi moja na dole gumba lililosimama, kama sentimita 15. Imepungua? Vua, sokota kamba zaidi. Usiivute na kuiachia bila mshale: mti hupasuka.